Mfalme aliyetaka mtoto wa kiume (Sehemu ya 3)

Tuendelee na hadithi zetu za akina mama wa zamani.

Nikiwa zamu leba, mtoto akishazaliwa, swali la kwanza ninaloulizwa na ndugu pale mlangoni ni "Wa kiume au wa kike?" Lile la "Mama anaendeleaje?" huwa linachelewa. Sasa kuna mfalme alitikisa nchi nzima kwa swali hilo la kwanza.

Henry wa Nane alirithi ufalme wa Uingereza mwaka 1509, hata miaka 18 hajatimiza. Mke wake wa kwanza, Catherine wa Aragon, alishika mimba zisizopungua sita. Mwaka 1511 alijifungua mtoto wa kiume, watu wakasherehekea, lakini kichanga kikafariki baada ya siku 52. Aliyepona na kukua ni mmoja tu, Mary, naye ni binti. Hebu fikiria, umezika watoto, halafu mume anasema ndoa yenu ina laana!

Papa alikataa kuibatilisha ndoa hiyo. Henry akaachana na Roma, na mwaka 1534 akatangazwa mkuu wa kanisa la Uingereza.

Wakati huo alishamuoa Anne Boleyn. Anne alijifungua Septemba 1533. Barua za kutangaza mtoto wa kiume zilikuwa zimeshaandikwa, ikabidi herufi ibanwe mwishoni mwa neno ili lisomeke binti. Mashindano ya farasi yakafutwa. Binti mwenyewe ni Elizabeth. Januari 1536 Anne mimba ikaharibika. Mei akakatwa kichwa, kwa mashtaka ambayo wanahistoria wengi hawayaamini.

Wa tatu, Jane Seymour, ndiye "aliyefaulu". Alikaa na uchungu zaidi ya siku mbili, na tarehe 12 Oktoba 1537 akamzaa Edward. London nzima ilifurahi, kengele zikapigwa. Siku ya tatu mtoto akabatizwa kwa fahari. Siku ya 12 Jane akafariki. Wengi wanaona ni maambukizi ya baada ya kujifungua. Na Henry alipaswa kuijua hatari hiyo: mama yake mzazi alifariki siku tisa baada ya kujifungua, yeye akiwa na miaka 11.

Dada yangu unayesemwa kwa kuzaa mabinti, nisikilize. Yai la mama siku zote hubeba kromosomu X. Mbegu ya baba ndiyo huleta X au Y, na Y ndiyo humfanya mtoto awe wa kiume. Catherine na Anne walilaumiwa kwa kitu ambacho hakikutoka kwao.

Na yule Edward? Alifariki akiwa na miaka 15. Elizabeth, aliyefutiwa mashindano, alitawala miaka 44.

Baba unayesoma hapa, mkeo akijifungua, muulizie yeye kwanza. Na ndani ya siku 42, ukiona homa, damu nyingi, uchafu wenye harufu mbaya, tumbo au kichwa kuuma sana, usisubiri kesho. Mlete hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku. Jane hakuwa na pa kupelekwa. Mkeo anapo.