Land Cruiser ya zamani inakula esansi ngapi?

Toyota Land Cruiser FJ40 ilitengenezwa Japani tangu 1960 mpaka 1984. Ni gari nzito, yenye injini kubwa ya silinda 6 na karabureta. Ndiyo maana inakula esansi sana, hata zaidi ya litre 15 kwa kilometa 100.

Shofere anayeitembeza kila siku asikadirie tu. Ajaze tanki, aandike kilometa, kisha ajaze tena. Kama litre 36 zimeisha kwa kilometa 200, gari inakula 18 kwa kila kilometa 100.

Hesabu ikipanda gafla, fundi aangalie filtre ya hewa, karabureta na pumzi ya mipira. Mwenye kujua hesabu ya gari yake hakwami njiani, mahali penye hakuna pompe.