Kitovu cha Kihenge: Historia ya Kisambaza Nafaka katika Ukanda wa Mahindi wa Marekani

Kisambaza nafaka ni chombo kinachoning'inizwa chini ya tundu la paa la kihenge cha chuma ili nafaka inayomiminwa isirundikane katikati, bali itandae hadi ukutani. Katika Iowa, Illinois, Indiana na majimbo jirani, eneo ambalo Wamarekani huliita Ukanda wa Mahindi, chombo hiki leo ni cha kawaida, lakini kabla ya katikati ya karne ya 20 mkulima wa mahindi hakuwa na haja nacho, kwa kuwa hakuhifadhi punje. Alihifadhi mahindi yakiwa bado kwenye magunzi.

Ghala la mahindi ya magunzi lilikuwa jengo jembamba lenye kuta za mbao zilizopigiliwa kwa kuachana, na wembamba huo ulikuwa na sababu yake: upepo ulipaswa kupenya kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, hivyo kadiri hali ya hewa ya mahali ilivyokuwa na unyevu ndivyo ghala lilivyojengwa jembamba zaidi. Mahindi yaliingia humo baada ya mavuno yakiwa na unyevu wa asilimia 20 au zaidi, yakakauka polepole hadi baridi ilipokwisha, ndipo yakapukuchuliwa. Kati ya hindi na hindi palibaki nafasi, hewa ikajipitia yenyewe, na hapakuwa na punje zilizovunjika za kuiziba njia.

Kihenge cha chuma kilienea kwanza kwa sababu za kisiasa. Henry A. Wallace, Waziri wa Kilimo tangu 1933 hadi 1940, alitaka taifa liweke akiba katika miaka ya neema na kuitoa katika miaka ya ukame, wazo ambalo alilikuta katika kitabu cha mwanazuoni Mchina Chen Huan-chang kilichochapishwa New York mwaka 1911, ambamo maghala ya serikali ya enzi ya Han yalielezwa. Sheria ya kilimo ya 1938 ililipa wazo hilo nguvu. Mkulima aliweza kukopa kutoka Shirika la Mikopo ya Mazao, lililoundwa mwaka 1933, kwa dhamana ya mahindi yake mwenyewe, na kuanzia 1939 shirika hilo lilinunua vihenge vya chuma vya mviringo na kuvipanga safu kwa safu pembeni mwa miji midogo. Uzito wa jambo hilo ulionekana mwaka 1948, Bunge lilipolinyima shirika mamlaka ya kupata vihenge vipya huku mavuno yakiwa makubwa mno. Wakulima waliokosa hifadhi iliyokubalika walikosa pia mkopo, wakauza kwa bei ya chini. Rais Truman aliwalaumu wapinzani wake kwa jambo hilo alipohutubia wakulima huko Dexter, Iowa, mwezi Septemba, na wanahistoria wengi huhesabu hasira hiyo miongoni mwa sababu zilizompa ushindi katika jimbo lile. Mwaka uliofuata Bunge liliyarudisha mamlaka hayo.

Mabadiliko yaliyokizaa kisambaza, hata hivyo, yalitokea shambani. Mwaka 1954 kampuni ya John Deere ilianza kuuza kifaa cha mbele cha kuvunia mahindi kwa kombaini, yaani mashine inayovuna na kupukuchua kwa mkupuo mmoja, na katika miongo miwili iliyofuata ghala la magunzi likaanza kuachwa. Punje sasa ziliingia nyumbani zikiwa mbichi, zikalazimika kukaushwa kwa hewa ya moto; ukaushaji wa haraka huzitia nyufa, na punje yenye nyufa huvunjika kila inapopandishwa kwa parafujo, yaani bomba lenye skrubu ndefu ndani yake, au kuangushwa kutoka juu. Chenga, ambazo ni vipande hivyo pamoja na vumbi na mbegu za magugu, zikawa sehemu ya kila shehena.

Nafaka inapomiminwa mahali pamoja hujenga lundo lenye kilele, punje nzima huteremka kwenye mabega ya lundo kuelekea ukutani, na chenga, zikiwa ndogo na zisizobingirika vizuri, hunasa palepale zilipoangukia. Kihenge kinapojaa, chenga huwa zimesimama kama nguzo katikati yake tangu sakafuni hadi juu. Hewa inayosukumwa na feni chini ya sakafu yenye matundu hufuata njia nyepesi, ikaizunguka nguzo hiyo badala ya kuipenya, na hapo kwenye kitovu joto hukaa, unyevu hukusanyika, ukungu huota na wadudu huzaliana, ilhali mahindi ya pembeni yanaonekana mazuri kabisa kwa anayechungulia mlangoni.

Dawa ya awali ilikuwa mtu na koleo, aliyeingia ndani kusawazisha lundo katikati ya vumbi. Kisambaza kilichukua nafasi yake: aina moja huzungushwa na mota ya umeme, nyingine na uzito wa nafaka yenyewe inapoanguka juu yake. Kukifunga kulihitaji maarifa yaliyopatikana kwa hasara. Kilipaswa kubebwa na pete imara ya tundu la paa, si na bati. Minyororo yake ilipaswa kuwa sawa na chombo kukaa katikati hasa, kwa maana ukuta wa mviringo umebuniwa kusukumwa kwa nguvu ileile pande zote, na nafaka iliyorundikana upande mmoja huweza kuupinda. Vibao vyake hurekebishwa kulingana na upana wa kihenge na kasi ya umiminaji, umeme ukiwa umezimwa na swichi kufungwa kwa kufuli: kikirusha mbali mno, bonde hutokea katikati na chenga huhamia kwenye duara la pembeni, kikirusha kidogo, kilele hurudi.

Faida hiyo ilikuwa na bei. Katika miaka ya 1970 vipimo vilionyesha kwamba nafaka iliyosambazwa kwa mashine hushikamana zaidi, ikajaa kwa uzito mkubwa katika nafasi ileile na kuipinga hewa zaidi. Kwa hiyo wapo waliopendelea kuacha kilele kijijenge, kisha kufungua mlango wa chini na kuchota kitovu chenye chenga. Hoja zao ni nzito pale nafaka inapoingia ikiwa imekauka. Lakini inapokaushwa ndani ya kihenge chenyewe, kina kisicholingana huacha sehemu moja mbichi na nyingine imekauka kupita kiasi, na hapo usambazaji hauna mbadala wa kweli.

Mjadala wa hewa na uzito umekipunguzia kisambaza heshima nyingine inayokistahili, nayo ni ulinzi wa maisha. Anayesimama juu ya nafaka inayotolewa kwa chini hushikwa miguu ndani ya sekunde chache, na huweza kufunikwa kabisa kabla ya nusu dakika. Kumbukumbu za Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, kilichoanza kufuatilia ajali hizi katika miaka ya 1970, zinaonyesha kwamba mara nyingi kinachomwingiza mtu kihengeni ni nafaka iliyoharibika, ambayo mabonge yake yameziba mlango wa kutolea. Mavuno ya 2009 yalichelewa na kuingizwa yakiwa na unyevu mwingi; mwaka 2010 walionaswa walizidi 50, idadi iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizowahi kurekodiwa.

Sheria ilikuja kupitia msiba wa aina nyingine. Desemba 1977 vumbi la nafaka lililipuka katika ghala kubwa la Westwego, Louisiana, likaua watu 36, na siku chache baadaye mlipuko mwingine ukatokea Galveston, Texas. Kanuni ya shirikisho iliyotangazwa mwishoni mwa 1987 iligusa pia uingiaji wa vihenge: mitambo izimwe na kufungwa, hewa ya ndani ipimwe, anayeingia avae mkanda wenye kamba, na mwangalizi abaki nje. Lakini tangu 1976 Bunge limezuia fedha za serikali kutumika kusimamia kanuni za usalama kazini katika mashamba yenye waajiriwa kumi au pungufu, na huko ndiko vihenge vingi vya familia vilipo, ambako mpaka leo usalama wa anayeingia unategemea uamuzi wa mwenye shamba, na hali ya mahindi aliyoyaingiza wakati wa mavuno.