Barabara ya White Rim
White Rim Road ni barabara ya vumbi yenye urefu wa takriban kilomita 160 inayozunguka uwanda wa juu wa Island in the Sky katika Hifadhi ya Taifa ya Canyonlands, jimbo la Utah, Marekani. Ilichongwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wasaka urani. Urani iliyopatikana ilikuwa kiduchu. Barabara ikabaki, na leo inajulikana zaidi kwa safari za baiskeli za milimani zinazochukua siku 3 au 4.

Njia hufuata ukingo wa mawe meupe ya mchanga, juu ya makorongo ya mito Colorado na Green. Jasho hasa hutoka kwenye mwinuko wa Murphy Hogback na kona kali za Shafer, ambako wengi hushuka na kusukuma. Hata hivyo, shida kubwa si milima bali maji: njia nzima haina maji ya kunywa. Kwa hiyo vikundi vyenye waongozaji hufuatwa na gari linalobeba madumu ya maji, chakula, mahema na tyubu za akiba. Waongozaji huziba pancha, hupika, na huwakataza wageni kukanyaga udongo mweusi wenye vinundu kando ya njia. Udongo huo ni tabaka hai la bakteria, kuvu na mimea midogo. Ukivunjwa huchukua miaka mingi kurudi.

Kiangazi hakifai kwa joto lake. Kulala njiani kunahitaji kibali cha hifadhi.