Wageni Wawili wa Bonde la Lambwe

Aprili ni mwezi wa kupokezana zamu katika Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay. Mbayuwayu wa Ulaya, wale wenye koo jekundu, wanaanza safari ya kurudi kaskazini kuzaa. Kabla hawajaisha angani, kutoka kusini anaingia mwingine: mbayuwayu buluu, Hirundo atrocaerulea, mwenye rangi ya samawati iliyoiva hadi kukaribia weusi, dume akiburura nyuzi mbili ndefu mkiani. Yeye amekwisha kulea makinda yake Zimbabwe, Malawi, Afrika Kusini au nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, katika tago la udongo na nyasi alilolibandika ndani ya shimo lililoachwa na muhanga. Hapa Lambwe atakula wadudu juu ya nyasi hadi Septemba bila kutaga hata yai moja. Akiondoka, wale wa Ulaya wanarejea.

Ratiba hiyo imewaumiza watu vichwa tangu kale. Aristotle aliandika kwamba mbayuwayu hujificha mashimoni wakati wa baridi, na wasomi wakamfuata kwa karne nyingi. Jibu la wazi lilikuja kwa kipande cha bati. Mwezi Mei 1911, Mwingereza John Masefield (si yule mshairi) alimvisha mbayuwayu pete mguuni huko Staffordshire. Desemba 1912 ndege huyo alikamatwa kwenye shamba moja la Natal, Afrika Kusini.

Wanakokwenda kukajulikana. Likabaki swali gumu zaidi: wanajuaje kwamba siku imefika? Katika miaka ya 1920, William Rowan wa Edmonton, Kanada, aliwaweka ndege wadogo kwenye vizimba vya nje katikati ya baridi kali, kisha akawarefushia mchana kwa taa za umeme. Viungo vyao vya uzazi vikakua kana kwamba majira ya kuzaa yamewadia. Saa ya ndege, basi, ilikuwa urefu wa mchana.

Maelezo hayo ukiyaleta Homa Bay yanakwama. Mji huu uko karibu nusu digrii tu kusini mwa Ikweta, na mchana mrefu kuliko wote wa mwaka hauuzidi mfupi kuliko wote kwa zaidi ya dakika chache. Ndege wa hapa anasoma nini?

Sehemu ya jibu ilitoka Kenya yenyewe. Mjerumani Eberhard Gwinner na mwenzake John Dittami walichukua ndege wadogo wa aina ya Saxicola torquatus, wale weusi wenye kifua chekundu wanaopenda kukaa juu ya vijiti, wakawafuga Ujerumani katika vyumba vyenye mwanga wa saa 12 na robo kila siku, mwaka nenda mwaka rudi. Hakukuwa na mvua wala kiangazi. Hata hivyo wapo walioendelea kunyonyoka manyoya na kujiandaa kuzaa kwa zamu, kwa miaka mingi, kwa mzunguko mfupi kuliko mwaka wa kalenda. Matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Kalenda, kumbe, imo mwilini, ila inahitaji kitu cha nje cha kuirekebisha.

Kwetu kitu hicho mara nyingi ni mvua. Mwaka 1980, Leslie Brown na P. L. Britton walichapisha kitabu cha majira ya kuzaa ya ndege wa Afrika Mashariki, wakitegemea kumbukumbu za matago zilizokusanywa na watu wengi kwa miaka mingi. Lakini mkazi wa Migori hahitaji kitabu ili kumwona kwera akifanya kazi. Mvua za masika zikikolea, dume huchana ukanda wa jani bichi, huufunga fundo kwenye tawi, husuka pete, kisha chumba. Jike huja kukagua. Nyumba ikikaa bila mchumba hadi ikakauka na kupoteza ukijani, fundi mwenyewe huibomoa na kuanza upya. Bila mvua hakuna jani bichi, wala wadudu wa kulisha makinda.

Mbayuwayu buluu hana haja ya tago huku, ila nyasi za wazi hana budi kuzipata. Hapa Lambwe amezipata kwa sababu isiyopendeza: mbung'o. Hofu ya malale iliwaweka wakulima na mifugo mbali na sehemu kubwa ya bonde kwa miongo mingi. Mwaka 1966 ikatengwa hifadhi ya wanyama, hasa kwa ajili ya korongo, yule swala mkubwa, na mwaka 1983 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruma, yenye kilomita za mraba 120. Nje ya uzio, hadi Awendo, ardhi ni mahindi na miwa. Kwa maoni yangu, mbung'o amemfanyia ndege huyu kazi kubwa kuliko sheria yoyote.

Unayeishi Ndhiwa, Mbita au Uriri, ukimwona mbayuwayu mwenye mkia wa nyuzi na tumbo lisilo jeupe, andika tarehe, mahali na idadi, kisha uwapelekee mradi wa Kenya Bird Map au shirika la Nature Kenya. Tarehe ya kumwona mara ya kwanza Aprili, na ya mwisho Septemba, ndizo zinazohitajika zaidi.