Margherita Ilipandwa kwa Mabega

Sisi tuliokulia kota za reli hapa Nsambya tuliijua Rwenzori kama habari ya kazi. Baba alikuwa gadi wa treni ya Kasese, njia ya zaidi ya kilomita 300 iliyokamilika mwaka 1956 ili kuichukua shaba ya Kilembe. Akirudi safari, kola imejaa vumbi, taa yake ya kijani na nyekundu bado mkononi, mama humwuliza kabla hata hajamimina chai: "Mzee, mlima umeuona?" Mara nyingi jibu lilikuwa hapana. Mawingu.

Mlima ule umewaficha wengi. Henry Stanley alifika nchi ya karibu nao mwaka 1876, lakini theluji yake aliishuhudia tarehe 24 Mei 1888, akiwa upande wa Ziwa Albert, na hata hapo maofisa wake wawili, Jephson na Parke, walikuwa wamemtangulia kuiona mwezi mmoja nyuma. Mwaka 1889 akamtuma William Stairs apande. Stairs akapita mita 3,000, akarudi. Franz Stuhlmann naye akajaribu upande wa Kongo mwaka 1891. Mwaka 1900 Moore na Harry Johnston wakapanda kwa bonde la Mubuku, kila mmoja kwa wakati wake. Kilele chenyewe, Margherita, mita 5,109, kikabaki bila kupandwa.

Labda ni damu ya reli inayonisemesha, lakini nasema bila kusita: bila reli, kilele kile kingekaa miaka mingi zaidi bila kupandwa. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika juu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mwaka 1889, safari yao kutoka pwani ilikuwa ya miguu. Mwaka 1899 Halford Mackinder alipanda treni Mombasa hadi Nairobi, mahali ambapo reli ilikuwa imefika mwaka huohuo, kisha akaenda kuupanda Mlima Kenya akiwa na waongozaji wawili kutoka Courmayeur, Italia: César Ollier na Joseph Brocherel. Shikeni majina hayo mawili. Reli ikafika Kisumu mwaka 1901. Mwaka 1906 akaja Mwanamfalme Luigi Amedeo wa Savoia, Duki wa Abruzzi, akashuka Mombasa, akapanda treni hadi Kisumu, kisha meli hadi Entebbe. Katika msafara wake alikuwamo Vittorio Sella, mpiga picha za milima ambaye kazi yake inatazamwa hadi leo, na walikuwamo Ollier na Brocherel walewale wa Mlima Kenya.

Entebbe ndipo reli na meli zilipoishia, na mabega yakaanza. Mzigo wa kawaida wa mpagazi zama zile ulikuwa kama kilo 27. Mahema, vyakula, kamera nzito za Sella na vioo vyake, vyote vilisafiri juu ya vichwa na mabega ya watu hadi Fort Portal, na kutoka hapo hadi miguuni pa mlima. Huko ndiko Wakonzo walikopokea mizigo. Mlima ni wao. Matope yake wanayajua, na baridi yake pia. Wengi wao walipanda miguu mitupu. Waliipandisha mizigo hadi Bujongolo, chini ya jabali lililochomoza kwenye mita kama 3,800, ambapo Waitalia waliweka kambi kuu. Aliyewahi kutembea katika vinamasi vya huko juu, akiruka kutoka kichuguu cha nyasi hadi kingine na huku akizama hadi magotini, ataelewa ninachosema. Kazi ya kuufikia mlima ilikuwa kubwa kuliko ile ya siku ya kilele.

Na siku hiyo yenyewe, tarehe 18 Juni 1906, mabega yaliamua tena. Duki, mwongozaji Joseph Petigax, Ollier na Brocherel walitangulia kufika kilele jirani cha Alexandra, kisha wakaielekea Margherita katikati ya ukungu. Karibu na juu barafu ilikuwa imechomoza kama upenu, hapapandiki. Ollier akajisimika imara, Petigax akamkanyaga mabegani kwa viatu vyake vya misumari, akapata pa kushika. Wakafika.

Kilele kikapewa jina la Margherita, malkia mama wa Italia, na la jirani yake likawa Alexandra, malkia wa Uingereza. Ollier hakuwa malkia, wala Wakonzo wa Bujongolo. Hilo linaniuma, na sioni sababu ya kulificha.

Barafu waliyoikanyaga inakwisha. Mwaka 1906 Rwenzori ilikuwa na mito ya barafu 43 katika milima yake sita. Kufikia mwaka 2005 iliyosalia ilikuwa katika milima mitatu tu. Treni ya abiria ya Kasese nayo haipo tena, na wazee wa reli wanazidi kupungua hapa mtaani.

Kule Marangu, chini ya Kilimanjaro, watu wanamtaja Yohani Kinyala Lauwo, anayesemekana kumwongoza Meyer, kila Kibo inapozungumzwa. Basi nawaomba ninyi wa Ibanda, Kilembe na Bundibugyo: kama kwenu kuna bibi au babu anayekumbuka nani katika ukoo alibeba mizigo hadi Bujongolo, kaeni naye wiki hii, mwandike jina na kijiji, mlipeleke shuleni na kanisani likahifadhiwe.