Utajiri wa Komoro ni Maji

Vitabu vya jiografia vinapotaja rasilimali za Komoro huorodhesha vanila, karafuu na mafuta ya mlangilangi, kisha huongeza kwamba nchi haina madini ya kujivunia. Orodha hiyo ni sahihi, lakini ni orodha ya mfanyabiashara anayehesabu vinavyopakiwa melini. Anayetaka kuelewa kwa nini visiwa vilivyokaribiana namna hii vimepitia historia tofauti hana budi kuanza na kitu kisichouzwa ng'ambo, yaani maji ya kunywa. Maji ndiyo rasilimali ya kwanza ya Komoro. Umri wa mawe na uzima wa misitu ndivyo vinavyoamua yapatikane wapi, na dhiki ya leo ina mzizi wake katika mazoea ya muda mrefu ya kuithamini ardhi kwa mauzo yake tu.

Visiwa vinne, Ngazidja, Mwali, Nzwani na Maore, vimejipanga kaskazini mwa Mlango-Bahari wa Msumbiji, kati ya pwani ya Afrika na Madagaska. Vyote ni watoto wa volkano, ila havikuzaliwa kwa wakati mmoja. Maore, upande wa mashariki, ndicho kikongwe. Ngazidja, upande wa magharibi, ndicho kichanga, na Mlima Karthala wenye mita 2,361 bado unaripuka. Lava changa imejaa matundu na nyufa. Mvua ya kaskazi, ambayo pamoja na mvua nyingine za mwaka huzidi milimita 4,000 katika miteremko ya magharibi ya Karthala, hunywewa na mawe kabla haijapata nafasi ya kuwa mkondo. Ndiyo maana kisiwa kikubwa kuliko vyote, chenye zaidi ya kilomita za mraba 1,000, hakina hata mto mmoja unaotiririka mwaka mzima. Nzwani, chenye kilomita za mraba 424 tu, kina mawe makongwe yaliyooza yakawa udongo unaozuia maji, na mabonde ya kina yanayoshuka kutoka Mlima Ntingui yalibeba mito mingi hadi pwani.

Tofauti hiyo ya mawe iligeuka kuwa tofauti ya siasa. Katika karne ya 17 na ya 18, meli za Kiingereza zilizokuwa zikienda India zilitia nanga Nzwani, kwa sababu baada ya miezi baharini mabaharia walihitaji maji matamu, matunda na nyama. Mji wa Mutsamudu ulinawiri kwa biashara hiyo, na masultani wake wakapata fedha, silaha na urafiki wa dola la mbali. Mtu anaweza kupinga kwamba Ngazidja nayo, bila mito, ilikuwa na miji yenye nguvu na masultani waliogombea ukuu, kwa hiyo maji hayaamui kila kitu. Ni kweli, na pingamizi hilo linastahili heshima. Lakini tazama walivyoishi: walijenga mabirika ya kukinga mvua na kuchimba visima karibu na pwani ambavyo maji yake yana chumvichumvi. Ustadi wao haufuti uzito wa mawe; unaonyesha gharama iliyolipwa kuyashinda. Hata mwaka 2005, Karthala uliporipuka, majivu yaliyoanguka yalichafua mabirika ya vijiji vingi, na watu waliozungukwa na mvua wakakosa maji ya kunywa.

Karne ya 19 ilileta macho mapya ya kuitazama ardhi. Maore iliingia mikononi mwa Ufaransa mwaka 1841. Huko Pomoni, Nzwani, balozi mdogo wa Uingereza William Sunley alifungua shamba kubwa la miwa lililotegemea kazi ya watumwa. Mwaka 1885 Léon Humblot, Mfaransa aliyefika Ngazidja kukusanya mimea na wanyama, alipata kwa Sultani Said Ali mkataba uliomruhusu kutwaa ardhi aliyoitaka, na mwaka uliofuata visiwa vilivyosalia vikawekwa chini ya himaya ya Ufaransa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Bambao ilijitwalia sehemu kubwa ya ardhi nzuri ya Nzwani na kuipanda mimea ya manukato. Mabonde na tambarare zikawa za kampuni. Mkulima akabakiwa na miteremko.

Wapo wanaosema kwamba aliyemaliza misitu ya Nzwani ni wingi wa watu, si kampuni. Ushahidi wao si mdogo: kisiwa hicho sasa kina zaidi ya watu 700 kwa kila kilomita ya mraba, na kila familia inahitaji shamba na kuni. Hata hivyo hesabu ya vichwa haielezi kwa nini jembe lilipanda mlimani. Watu walifyeka kileleni kwa sababu chini hapakuwa pao, na uhuru wa 1975 ulikuta mazoea hayo yamekwisha kuota mizizi. Mlangilangi nao una sehemu yake, kwa kuwa kupata mafuta ya maua yake ni kuyachemsha kwa mvuke kwa muda unaoweza kufika saa 20, na moto huo kwa kawaida ni wa kuni. Msitu wa juu ukiondoka, ukungu haunaswi, udongo hauloani, na mito iliyokuwa ya kudumu hukauka kiangazi.

Pingamizi zito zaidi ni la uchumi: nchi yenye fedha chache za kigeni itaachaje zao linalouzwa kwa watengenezaji wa manukato wa Ulaya? Hakuna haja ya kuliacha. Mkarafuu ni mti, na mizizi yake hushika udongo. Majiko bora hupunguza kuni. Kinachotakiwa ni kuhesabu mto uliopotea kama sehemu ya gharama ya chupa ya mafuta. Wala fedha peke yake si dawa. Maore, ambayo Ufaransa inaitawala kama mkoa wake tangu 2011 huku Komoro ikiidai, ni tajiri kupita visiwa jirani. Lakini katika ukame wa 2023 wakazi wake walikaa siku mbili kati ya tatu bila maji ya bomba.

Mwali, kidogo na chenye watu wachache kuliko vyote, kinaonyesha njia nyingine. Hifadhi yake ya bahari, iliyoanzishwa 2001 kwa kushirikisha vijiji, hulinda matumbawe na fukwe ambako kasa hutaga, na mwaka 2020 UNESCO ilikitambua kisiwa hicho kuwa hifadhi ya biosfia. Matumbawe hufa kwa tope linaloshuka kutoka milima iliyo wazi, kwa hiyo anayelinda msitu wa mlimani analinda pia samaki wa mvuvi. Komoro haikosi rasilimali. Imekosa hesabu inayoutanguliza msitu unaonywesha watu mbele ya shehena inayolipa ushuru. Serikali, vijiji na wanunuzi wa mafuta wanaweza kuanza hesabu hiyo sasa, kwa kuwapa wakulima haki ya kudumu juu ya ardhi ya chini na kuupumzisha mlima.