Adabu ya Tundu

Ukimwambia mtu wa town kwamba unaishi Shika Adabu, kwanza atacheka, kisha atakuuliza ni adabu gani hiyo mnayoishika. Mimi jibu langu nimelipata kwa wavuvi. Mtaa wetu uko Likoni, njia ya Ukunda. Upande mmoja ukishuka unafika Mtongwe na hori ya Kilindini, upande wa pili bahari kuu. Samaki hatujawahi kuwa mbali nao.

Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331, aliandika kwamba chakula cha watu wa hapa kwa wingi ni ndizi na samaki. Samaki hao hawakujileta jikoni. Kulikuwa na ujuzi, na sehemu yake tunao hadi leo.

Chukua uzio. Fito hupangwa na kufungwa zikawa ukuta kwenye maji madogo. Maji yakijaa, samaki huingia. Yakipwa, hubaki ndani. Kazi yote inafanywa na mwezi, ndiyo maana mvuvi lazima ajue bamvua na maji mafu kabla hajajua bei ya sokoni.

Halafu kuna lema, ambalo ndugu zetu wa Zanzibar huliita dema. Ni kikapu kikubwa kilichosukwa, macho yake yana pembe sita. Mlango wake ni mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Tasi anafuata chambo, anaingia, na njia ya kutokea haioni tena. Lema linazamishwa kwa mawe na kuachwa hapo. Halikimbizi samaki wala haliburuti kitu chini.

Juya ndilo huburuta. Ni wavu mrefu wenye macho madogo, unaokokotwa na kundi la watu mpaka ufukweni, ukizoa wakubwa, wachanga na majani ya bahari pamoja. Mwaka 2001 serikali ililipiga marufuku. Kwa samaki, sawa kabisa. Lakini hebu fikiria: kijana asiye na mtumbwi wala lema alihitaji mikono miwili tu kuvuta juya na kupata fungu lake. Marufuku haikumwachia kazi nyingine, na ndiyo maana juya halikuisha siku ile.

Kilichonishangaza zaidi ni lema lenyewe kubadilika. Mwaka 2013 watafiti Emmanuel Mbaru na Tim McClanahan walichapisha matokeo ya majaribio yao katika pwani ya Kenya. Walikuwa wameacha upenyo mwembamba ubavuni mwa mtego ili wadogo watoroke. Ungedhani mvuvi atapata hasara, si ndiyo? Waliobaki walikuwa wakubwa zaidi, na pato likapanda. Hiyo ndiyo adabu ninayoisema: kumwachia mdogo njia, kwa sababu kesho utamhitaji.

Sasa mambo ya Dongo Kundu hayako mbali nasi. Barabara kubwa imepita huko na madaraja yake juu ya hori, na eneo maalum la kiuchumi limetengwa. Vijana tunataka kazi, mimi pia nazitaka. Ila mradi mkubwa ukiingia majini, mvuvi anaambiwa ahame kana kwamba bahari ni kiosk unachoweza kukifungua mtaa wa pili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ilisema vingine kuhusu bandari ya Lamu: iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Kwa hukumu ile, uvuvi ulihesabiwa kuwa mali ya mtu, wenye mila yake na haki yake.

Kwa hiyo kila nikisikia mradi mpya ukisifiwa, huwa nauliza swali la mfumaji wa lema. Tundu la wadogo mmeliacha wapi?